Sukari Iliyookolewa: Kemia ya Glasi ya Port

Anayejua kupika busaa, pombe ya mahindi na wimbi, tayari anajua nusu ya kemia ya port, ule mvinyo mtamu na mkali wa Ureno. Tuanze na nusu hiyo, hapa hapa Tongaren, Bungoma, ambako mahindi si kitu cha kutafuta.

Punje ya wimbi imejaa wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za sukari zilizoshikana, na hamira haiwezi kuula ulivyo. Ndiyo maana mpishi huloweka wimbi, akalifunika mpaka lichipue, kisha akalianika na kulisaga. Punje inayochipua hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga uwe sukari, kwa kuwa mche mchanga nao unataka kula. Hicho ndicho kimera. Unga wa mahindi uliovundikwa na kukaangwa juu ya bati hutiwa maji na kimera, na baada ya siku chache chungu kinatokota bila moto: povu linapanda, linapasuka, linapanda tena.

Povu hilo ni kaboni dayoksaidi. Hamira ni kiumbe hai cha chembe moja; hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa hiyo. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa takriban gramu 92 za alkoholi na 88 za hewa, yaani karibu nusu kwa nusu. Kwa kipimo cha mpishi, kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya kinywaji huzaa asilimia 1 ya alkoholi. Shika hiyo 17, tutaihitaji.

Zabibu haina haja ya kimera, maana sukari yake iko tayari. Tuseme juisi ina gramu 225 kwa lita. Hamira ikila yote, 225 gawanya kwa 17 ni kama 13: mvinyo wa asilimia 13, usio na utamu wowote. Huo ndio mpaka wa kawaida. Sukari huliwa ili alkoholi izaliwe, kwa hiyo ukali ukiongezeka, utamu hupungua. Lakini port ina alkoholi ya asilimia 19 hadi 22, na bado imebaki na sukari ya gramu 100 hivi kwa lita. Imewezekanaje?

Watengenezaji wa bonde la Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa na serikali ya Ureno mwaka 1756, hukatiza kazi ya hamira njiani. Juisi ikichachuka siku mbili tatu na kufika, tuseme, asilimia 6, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye asilimia 77. Pombe hiyo hupatikana kwa njia ile ile ya chang'aa: mvinyo huchemshwa, na kwa kuwa alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, mvuke unaonaswa huwa na alkoholi nyingi kuliko mvinyo uliochemshwa.

Piga hesabu. Lita 4 za asilimia 6 zina mililita 240 za alkoholi. Lita 1 ya asilimia 77 ina 770. Jumla ni 1,010 ndani ya lita 5, yaani asilimia 20. Kwa ukali huo hamira haiwezi kuendelea. Sukari je? Asilimia 6 ilikula gramu 102, zikabaki 123 kwa kila lita. Lita 4 zikitandazwa katika 5, inakuwa 98. Utamu unaouonja ni chakula ambacho hamira haikuwahi kukimaliza. (Usijaribu kuiga kwa chang'aa ya mtaani. Humo methanoli huweza kuwemo, na ulimi hauwezi kuitambua.)

Sasa mimina kidogo. Zungusha glasi, nusa, kisha onja huku umebana pua. Utapata utamu, uchachu na moto; matunda hayamo. Achia pua na matunda yanakuja, kwa sababu harufu hupandia nyuma ya koo. Moto nao una siri yake. Mdomoni mna vipokezi vya joto ambavyo kwa kawaida hushtuka kwenye nyuzi 42 hivi. Alkoholi huvishusha hadi karibu 34, chini ya joto la mwili wako, na hapo mdomo huungua kwa joto lake wenyewe. Kwa hiyo port iliyopoa huchoma kidogo kuliko iliyopashwa na jua la mchana. Jioni ya huku juu inatosha kuipoza. Ule ukavu unaobana ulimi kama chai ya rangi iliyokaa mno ni tannini za maganda ya zabibu, zinazoshikana na protini za mate.

Kuhusu chupa ya bei nafuu, nina msimamo. Kati ya ruby na tawny, ambazo ni aina za port, chukua ruby. Huhifadhiwa kwenye matangi makubwa yasiyopitisha hewa nyingi, hivyo inabaki nyekundu na yenye matunda, na haijifanyi kuwa kitu kingine. Tawny ya kweli hupata rangi yake ya kahawia kwa kupumua polepole kwenye mapipa madogo miaka mingi, na miaka hiyo lazima ilipiwe. Tawny rahisi isiyoandikwa umri, 10 au 20, mara nyingi ni port changa tu iliyokamuliwa rangi kidogo.

Ukishaifungua, ruby hukaa wiki moja au mbili bila kuharibika sana. Busaa haiwezi: bakteria wanaotengeneza siki huishi raha kwenye asilimia 3, lakini asilimia 20 inawashinda.

Waumini wa kanisa la Friends, ambao ni wengi Bungoma na hawagusi pombe, watosheke na hesabu. Wengine wamwambie mgeni aliyezoea mrija wa busaa, kabla hajajaza bilauri: mililita 75 za port zina mililita 15 za alkoholi, sawa kabisa na nusu lita ya busaa ya asilimia 3.