Dawa ya Kupe ya Ng'ombe Isimguse Farasi wala Punda

Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki huogesha ng'ombe kwa dawa za amitrazi. Kupe hudondoka, ng'ombe hurudi malishoni. Kishawishi huja mwishoni: dawa kidogo imebaki kwenye bomba, na punda wa kubeba maji amejaa kupe masikioni. Usimpulizie. Kwa punda na farasi, amitrazi inaweza kusimamisha utumbo mpaka mnyama afe.

Chanzo kiko ndani ya ukuta wa utumbo. Misuli yake ina mtandao wake wa neva, unaotoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo ikitua kwenye vipokezi vya misuli, misuli hujikaza na kusukuma chakula mbele. Kwenye ncha za neva hizo hizo kuna vipokezi vingine, vya alfa-2, ambavyo kazi yake ni kuzuia: vikiguswa, asetilikolini hupungua na utumbo hutulia. Noradrenalini ya mwili wenyewe huvigusa kwa muda mfupi tu. Amitrazi huingia humo kama ufunguo ndani ya kufuli lake, na athari yake yaweza kuendelea kwa siku kadhaa.

Maumbile ya farasi huongeza hatari. Utumbo wake mpana hubeba makumi ya lita za majani yanayochacha, na mahali fulani hupinda na kuwa mwembamba ghafla. Mwendo ukisimama, majani hukauka na kuziba hapo, gesi inajaa, na farasi hana uwezo wa kutapika.

Dalili za mwanzo ni kusinzia, kulegea na kuyumba. Baadaye kinyesi huwa kidogo na kikavu, au hakitoki kabisa. Farasi hugeuka kutazama ubavu wake, hukwaruza ardhi kwa kwato, hulala na kugaagaa. Tega sikio ubavuni, kushoto na kulia: utumbo wenye afya hunguruma, na ukimya ni habari mbaya. Punda huficha maumivu kuliko farasi, kwa hiyo akisusa chakula tu, ichukulie kuwa dharura.

Ikiwa dawa imeshamwagika mwilini, vaa glovu, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, ondoa chakula, kisha mwite daktari wa mifugo huku ukiwa na chupa ya dawa mkononi. Usimnyweshe mafuta kwa chupa, maana yanaweza kuingia mapafuni. Daktari huyapitisha kwa mpira puani hadi tumboni.

Neno amitrazi litangulie maneno mengine yote utakayomwambia. Zailazini, dawa ya kutuliza inayotumiwa sana kwa farasi mwenye maumivu ya tumbo, hugusa vipokezi vile vile vya alfa-2, na ingeongeza uzito juu ya utumbo uliokwisha kulala. Daktari akijua mapema, atachagua njia nyingine, au dawa inayoziba vipokezi hivyo, kama atipamezoli. Mwambie pia kama mnyama amepewa mofini au atropini. Mofini huzuia neva kupitia vipokezi vyake yenyewe, na atropini huziba vile vya asetilikolini kwenye misuli. Zote mbili hupunguza mwendo wa utumbo.

Kupe wachache watolewe kwa mkono. Wakizidi, nunua dawa ambayo kibandiko chake kinataja farasi au punda waziwazi, na bomba lililobeba amitrazi lisitumike kwao.