Maji Yatoke, Maji Yarudi: Sayansi ya Chatne ya Karanga

Chukua karanga moja mbichi iliyokauka, uitafune polepole. Utapata ladha ya maharage mabichi. Lisikushangaze hilo: karanga si jamaa wa korosho wala lozi, ni jamaa wa kunde, ila yenyewe huficha maganda yake ardhini. Sasa tafuna ya kukaanga. Mmea ni uleule, lakini ladha hazikaribiani hata kidogo. Kilichotokea kati ya karanga hizi mbili ni nusu ya somo la leo, na nusu ya pili imo ndani ya blenda.

Tunatengeneza chatne ya karanga kama wanavyoila Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India, ambako kwa Kitelugu karanga huitwa palli. Huliwa asubuhi na idli, vimkate vya mchele na choroko nyeusi vinavyopikwa kwa mvuke, au na dosa. Aliyezoea chatne ya nazi ya pwani yetu atamtambua ndugu yake. Mahitaji ni karanga kikombe kimoja, pilipili kavu nne, punje tatu za kitunguu saumu, ukwaju wa ukubwa wa kete ya bao, chumvi na maji, pamoja na mafuta, haradali na majani ya mchuzi ya kumalizia. Karanga na pilipili zote asili yake ni Amerika, na ukwaju ni mti wa Afrika, ingawa Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya India. Ndivyo chakula kinavyokuwa cha kienyeji.

Kabla ya moto, chambua. Karanga yenye ukungu, iliyonyauka au iliyobadilika rangi, itupe. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haimaliziki kwa kukaangwa, na blenda itaisambaza kwenye bakuli zima.

Weka kikaango kwenye moto mdogo, bila mafuta. Kwa nini mdogo? Hata karanga kavu ina maji kidogo ndani. Maji hayo yakiwa bado yamo, joto linaloingia hutumika kuyageuza mvuke, na penye maji hapapandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 100 karanga huiva, ila hainukii. Harufu ile inayomtoa mtoto chumbani huja kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi, pale sukari na protini zinaposhikana na kuzaa mamia ya kemikali mpya za rangi na harufu. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mshikamano huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Basi kazi ya kwanza ya moto ni kufukuza maji. Moto mkali huunguza nje huku ndani bado kubichi, kwa sababu karanga haipitishi joto upesi.

Usiamini ganda. Toa karanga moja, isugue, itenganishe vipande viwili, utazame ule upande bapa wa ndani penye kiini kidogo chenye umbo la mdomo wa ndege. Ukiwa bado mweupe, endelea kukoroga. Ukianza kuwa na rangi ya samli, epua, tena umwage zote kwenye sinia, maana karanga haijui kwamba umezima jiko. Joto lililomo huendelea kuipika. Zikipoa, pukuta maganda mekundu, kwani ndiyo yenye uchungu.

Kwenye kikaango hichohicho tia mafuta kidogo, ugeuze pilipili na kitunguu saumu kikiwa kizima. Ukali wa kitunguu saumu haumo ndani yake. Huzaliwa kinapopondwa, kimeng'enya kinapokutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nacho. Joto huua kimeng'enya, kwa hiyo ukikaanga kwanza unapata utamu, ukiponda kwanza unapata ukali.

Sasa blenda. Saga karanga, pilipili, kitunguu saumu na chumvi bila maji. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na visu vinapopasua seli mafuta hayo hutoka, unga ukaanza kushikamana. Tia ukwaju na vijiko viwili tu vya maji, usage tena. Badala ya kulainika, mchanganyiko unakuwa mgumu kama udongo wa mfinyanzi, na mashine inalalamika. Mara ya kwanza nilikaribia kuutupa. Kumbe maji machache hulowesha chembe za protini na wanga zilizokuwa zikielea ndani ya mafuta, nazo zikagandamana. Ongeza maji kidogo kidogo, hadi yafike kama robo tatu ya kikombe, na mambo yanapinduka: sasa maji ndiyo bahari, mafuta ni matone madogo yanayoelea humo, yakizuiwa na protini yasiungane. Tazama rangi. Kahawia inageuka krimu mbele ya macho yako, kwa sababu matone hayo hutawanya mwanga. Tui la nazi nalo ni jeupe kwa sababu hiyohiyo.

Imebaki popu, kama Watelugu wanavyouita mwisho huu. Pasha kijiko kikubwa cha mafuta, utupe punje moja ya haradali. Ikilia, tia nusu kijiko cha chai na ufunike. Kila punje ina maji kiasi. Yakigeuka mvuke hayana pa kutokea, punje inapasuka. Majani ya mchuzi, manane au kumi, yafute kwanza yawe makavu, ndipo uyatie. Tone la maji ni zito kuliko mafuta, huzama, hulipuka kuwa mvuke na kuyarusha mafuta juu. Nina alama kwenye kifundo cha mkono kwa kulipuuza hilo. Mimina vyote juu ya chatne vikiwa bado vinachacharika.

Karanga zilizokaangwa hukaa wiki kadhaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, kwa sababu vijidudu havipati maji humo. Chatne umeirudishia maji. Iweke kwenye friji, uimalize kesho, na ikitoa harufu ya uchachu usiotokana na ukwaju wako, imwage.