Sharubu za Simba wa Nairobi

Wahenga walitukanya tusicheze na sharubu za simba. Mimi naomba tuzisome, maana zina habari.

Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba, na ukiwa ndani unaliona jumba la KICC likichungulia nyuma ya twiga. Wenzetu wa Lang'ata na Karen ni majirani zake. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, uko wazi kuelekea Kitengela na nyanda za Athi na Kapiti.

Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kwenda kula nyasi changa huko kusini. Kiangazi kikiingia hurudi kunywa maji ya mabwawa. Simba naye, si anafuata chakula? Sasa ukimwona simba Jumatatu karibu na lango, halafu Jumamosi uonyeshwe simba Kitengela, utajuaje kama ni wawili au ni yule yule? Usipojua, hesabu yako ni bure.

Jibu lilipatikana papa hapa mbugani. Mtafiti Judith Rudnai aliwachunguza simba hawa, na mwaka 1970 yeye na C. J. Pennycuick wakachapisha njia ya kuwatambua. Tazama shavu la simba. Sharubu zimeota kwa mistari, na penye mizizi pana vidoa vyeusi. Juu ya mistari hiyo kuna vidoa vichache vilivyojitenga. Hivyo ndivyo vya kusoma: hesabu ni vingapi, kisha angalia kila kimoja kimekaa juu ya kidoa gani cha mstari wa chini. Shavu la kushoto halifanani na la kulia, kwa hivyo piga picha zote mbili. Sikio lililoraruka husaidia pia, lakini makovu huongezeka. Vidoa havibadiliki maisha yote. Jaribu na picha za kalenda, utaona!

Miaka hiyo ya 1970, kule pwani ya Kanada, Michael Bigg alianza kuwatambua nyangumi wauaji kwa pezi la mgongoni na baka lililo nyuma yake. Jamii yao ya kusini, inayozunguka mpaka wa Kanada na Marekani, haifiki nyangumi 80, na kila mmoja anajulikana. Ati bahari yote hiyo, na mtu anajua nani hayupo!

Siku hizi simba wengine huvishwa ukanda wa shingoni unaotoa habari kwa setilaiti. Ni msaada mkubwa, ila betri huisha. Vidoa haviishi.

Sensa ya 2021 ilipata simba 2,589 tu Kenya nzima. Juni 2012, sita waliuawa Kitengela kwa ajili ya mbuzi. Machi 2016 Mohawk, dume aliyejulikana kwa mtindo wa manyoya yake, alipigwa risasi Isinya. Richard Turere, mvulana aliyekulia kando ya mbuga, alibuni taa za kumetameta zinazomfukuza simba bomani. Safi sana, lakini taa hazimpi simba njia. Njia inazidi kukatwa kila ploti inapozungushiwa seng'enge, na anayejua simba gani hupita wapi ndiye anayeweza kumwambia mwenye ploti aache nafasi upande gani.