Majani Yamechipua, Lakini Mizizi Je?

Mdogo wangu uliyeandika kwamba vijiti vyako vya waridi huchipua vizuri, kisha baada ya wiki chache vinanyauka vyote, usiseme una mkono mbaya. Umeona majani, ukafurahi, ukavihamishia juani. Majani yale ya kwanza si dalili ya mizizi. Kijiti kina akiba ya chakula ndani yake, na macho huchipua kwa akiba hiyo hata kabla mzizi mmoja haujatoka. Jua likikipiga wakati huo, majani yanapoteza maji na chini hakuna cha kuyarudisha.

Anza upya, mpenzi. Chagua tawi lililokomaa kiasi, nene kama penseli, ulikate urefu wa shibiri moja. Kwa chini, kata karibu kabisa na jicho, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa maua na vitumba, bakiza majani mawili ya juu. Changanya udongo na mchanga nusu kwa nusu, samadi isubiri. Jaza kwenye kopo lenye matundu chini, chomeka kijiti, shindilia kwa vidole, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, mahali penye kivuli na mwanga. Na tafadhali sana, usikivute kila asubuhi kuangalia kama kimeshika! Vijizizi vya mwanzo hukatika kwa kuguswa tu. Ngoja mpaka mizizi ichungulie kwenye matundu ya chini ya kopo. Asumini, mkomamanga, mtini na mzabibu navyo hukubali njia hii.

Mbegu ni habari nyingine, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtu anaweza kupoteza miaka. Kijiti kikishika ni mama yuleyule. Mbegu ni mtoto, ana baba yake pia. Kokwa la parachichi tamu laweza kukupa mti wa matunda yasiyofanana kabisa na lile ulilokula, tena baada ya miaka 5, 7 au zaidi. Otesha tu, likiwa bichi maana likikauka hufa, lakini mche ukinenepa mtafute fundi wa kitalu aubebeshe kitawi cha mti unaoujua. Mti wa kubebesha mara nyingi huzaa ukiwa na miaka 3 au 4.

Wasio na subira, pandeni papai. Sugua ule utelezi wa mbegu utoke wote, maana huzuia kuota. Weka miche 3 kila shimo, kwa sababu mara nyingi kuna dume na jike na hutambui mpaka ichanue. Dume hutoa maua madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. La jike ni kubwa, limekaa karibu na shina. Bakiza jike mmoja kila shimo na dume mmoja uwanja mzima. Jirani akiwa na dume karibu, madume wako wote wang'oe.