Tunza Ngozi Iliyochubuliwa kwa Dawa



Msimu wa palizi uliopita, mama mmoja alikuja zahanati hapa Makuyuni. Alikuwa amejifunika khanga usoni. Alipoifunua, mashavu yalikuwa yanabanduka kama ganda la kitunguu. Alikuwa amechubuliwa uso kwa dawa ili ang'ae siku ya harusi ya mwanawe. Harusi ilipita salama. Siku ya tatu alikwenda kupalilia mahindi, jua likamwunguza. Akaniuliza, "Mganga, sasa nipake nini?"

NGOZI ILIYOCHUBULIWA IKOJE?

Ngozi ya juu ni ngao ya mwili. Dawa ya kuchubua huondoa ngao hiyo. Ngozi inayobaki ni changa, kama ya mtoto mchanga. Rangi yetu nyeusi nayo ni mwavuli wa jua. Mwavuli ukipungua, ngozi huungua. Ngozi ikiungua, mwili hutengeneza rangi nyingi kuliko kwanza. Ndiyo maana madoa meusi hutokea. Watu wengi wakiyaona madoa hupaka dawa tena, na ngozi huzidi kuharibika.

KAZI YA KILA SIKU

1. Osha uso asubuhi na jioni kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Sabuni ya mche ni ya nguo. Usisugue kwa dodoki wala jiwe. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini.

2. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato.

3. Jikinge na jua, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Nenda shamba alfajiri. Vaa kofia pana, au jitande khanga. Fanya hivyo hata siku ya mawingu.

4. Usibandue magamba. Yaache yaanguke yenyewe.

5. Usipake ndimu, majivu wala dawa ya meno. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi.

Ngozi ya juu hujifanya upya kwa muda wa kama mwezi 1. Madoa huchukua miezi mingi kufifia. Usikate tamaa.

JIHADHARI NA MKOROGO

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu. Baadhi huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki huharibu figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na kidonda hakifungi upesi. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tangu mwaka 2019, Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia vipodozi.

Kama umepaka krimu hizo kwa muda mrefu, ukiacha ngozi inaweza kuwasha na kuwaka moto. Usizirudie. Njoo zahanati na kopo lake, tukuelekeze namna ya kuacha.

NJOO ZAHANATI MARA MOJA UKIONA:

- usaha, malengelenge au homa;
- uso au macho yamevimba;
- miguu imevimba, au mkojo umepungua;
- una mimba na ulikuwa unapaka mkorogo.

Tukishindwa, tutakupeleka hospitali ya Magunga, Korogwe. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.

Yule mama alifuata masharti haya. Baada ya miezi 3 madoa yalikuwa yamefifia, ingawa hayajaisha yote. Sasa huenda shamba na kofia ya ukindu. Hakutumia fedha nyingi. Alitumia maji, mafuta ya mgando na kivuli.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini madoa meusi hutokea baada ya kujichubua?
2. Taja mambo 3 ambayo aliyechubuliwa asifanye.
3. Kwa nini watu wa kijiji chetu hujichubua? Tusaidianeje kuacha?