SOMO: Kifaranga Asiyemjua Mamake — Afya ya Matumbo ya Kuku wa Nyama

Lengo: Mwisho wa somo, wanakikundi waweze kueleza kazi ya vijidudu vizuri ndani ya matumbo ya kuku, na kuamua kama inafaa kutumia pesa za kikundi kununua probiotiki.

Kikundi hufuga broila kwa sababu pesa inarudi haraka, wiki 5 au 6 tu. Lakini vifaranga wakianza kuhara wiki ya pili, deni linabaki na kuku hawapo. Ndiyo maana wengine hutia antibiotiki kwenye maji kila siku, eti ya kuzuia. Hebu tuone kinachotendeka tumboni.

1. Kifaranga huanzaje?
Kuku wa kienyeji akiangua, watoto hudonoa chini pamoja naye na kuokota vijidudu kutoka kwake. Vingi si ugonjwa. Hukaa matumboni, na vibaya vikija havipati nafasi. Broila huanguliwa kwa mashine. Matumbo yake ni shamba tupu, na shamba lisilopandwa huota magugu.

Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walieleza jinsi walivyowapa vifaranga vilivyomo matumboni mwa kuku wakubwa wenye afya. Vifaranga hao wakaweza kuzuia salmonela. (Msijaribu kwa mavi ya kuku! Yanaweza kuleta magonjwa mengine.)

2. Probiotiki ni nini?
Ni vijidudu vizuri vilivyo hai, vilivyotayarishwa viwekwe kwenye chakula au maji. Baadhi ni ndugu za vile vinavyogandisha maziwa lala. Je, tuwape maziwa lala basi? Mengi hapana. Kuku hasagi vizuri sukari ya maziwa, na yakizidi anahara.

3. Antibiotiki haichagui
Inaua vibaya na vizuri pamoja. Vibaya vinavyobaki huwa sugu, na vinaweza kumfikia binadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Kuku akiugua, mwite daktari wa mifugo. Maliza dozi, na usichinje kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha. Hiyo nyama italiwa na watoto wetu.

4. Kabla ya kwenda agroveti
Probiotiki haishindi baridi wala uchafu. Angalieni kwanza:
- Joto: Wiki ya kwanza liwe kama digrii 32 hadi 34. Kibirichia na Manyatta usiku ni baridi; Siakago mchana shida ni joto. Vifaranga wakirundikana, wanaona baridi. Wakikaa mbali na jiko huku midomo wazi, wamezidiwa na joto.
- Matandiko: Finya maranda mkononi. Yakishikana kama donge, yana maji mengi, yabadilishe. Koksidia, ile ya kuhara damu, hupenda unyevu, na probiotiki si dawa yake.
- Maji: Ya mto yachemshwe na yapoe. Vyombo vioshwe kila siku.

5. Mkinunua
Someni tarehe ya mwisho na kipimo. Wekeni mahali pakavu, pasipo jua. Msichanganye na antibiotiki wala maji yenye klorini, mtaviua. Wapeni tangu siku za kwanza. Ikiwa ni ya maji, tengenezeni ya siku hiyo tu.

6. Jaribio la kikundi
Gaweni vifaranga 100, 50 kila upande, katikati ubao. Kila kitu kiwe sawa, ila upande mmoja wapate probiotiki. Andikeni vifo, kilo za chakula na uzito wa mwisho. Gawanyeni kilo za chakula kwa kilo za kuku. Namba ndogo ndiyo nzuri. Mfano: upande mmoja umekula kilo 171 ukatoa kilo 90 za kuku, hiyo ni 1.9. Wa pili umekula 162 ukatoa 90, yaani 1.8. Mmeokoa kilo 9 za chakula. Je, bei yake inapita bei ya probiotiki? Ikiwa haipiti, na vifo ni sawa, pesa ibaki kwa mweka hazina.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwetu, nani hutia dawa kwenye maji kuku wakiwa wazima? Kwa nini?
2. Kati ya joto, matandiko na maji, tumelegea wapi?
3. Nani ataandika daftari la jaribio kila jioni?