Kampuni Ikitaka Ubavu wa Basi la Shule
Kwa wazazi na bodi za shule nchini Kenya

Basi la shule halikosi kudai: dizeli, bima, tairi, mshahara wa dereva, na mkopo wa benki juu yake. Kampuni ikijitokeza na kuahidi malipo kila muhula ili tangazo lake libandikwe ubavuni, bodi huona neema imebisha hodi. Kabla ya kutia sahihi, someni haya.

Rangi ile ina kazi

Mwaka 1939, profesa wa elimu Frank Cyr aliwakutanisha wataalamu wa usafiri wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliafikiana juu ya rangi ya manjano kwa kuwa huonekana upesi alfajiri na magharibi, na herufi nyeusi husomeka vizuri juu yake. Sheria yetu ya Trafiki iliporekebishwa mwaka 2017, magari ya shule yalitakiwa yawe ya manjano. Dereva wa matatu anayekuja mbio saa kumi na mbili asubuhi hana haja ya kusoma kitu. Akiona rangi hiyo anajua kuna watoto. Ifunikeni kwa chupa ya soda na namba ya kushindania zawadi, naye atakuwa anasoma wakati anaotakiwa kukanyaga breki.

Wamarekani walitangulia

Wilaya moja ya shule huko Colorado Springs ilianza kuuza nafasi kwenye mabasi yake mwaka 1993. Jimbo la New Jersey liliruhusu kwa sheria mwaka 2011, likaelekeza nusu ya mapato kwenye mafuta na kuzuia matangazo ya tumbaku na pombe. Hata hivyo, chama cha kitaifa cha wakurugenzi wa usafiri wa wanafunzi kinapinga matangazo nje ya basi, kwa hoja hiyo hiyo ya usalama.

Mtoto hana pa kukimbilia

Televisheni ya nyumbani mzazi huizima. Basi mtoto hulipanda asubuhi na jioni, na shule inayomfundisha madhara ya sukari ndiyo inayomsafirisha chini ya picha ya soda. Mwaka 2010, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliridhia mapendekezo kwamba mahali wanapokusanyika watoto, shule zikiwemo, pasitangazwe vyakula vilivyojaa sukari, chumvi na mafuta yasiyofaa. Sisi tunaongeza kamari za simu, bila mjadala. Na jina la mwanasiasa lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko la shule nalo ni tangazo, tena la bure.

Mkiamua kukubali

Ushauri wetu ni kukataa. Ikiwa bodi imeshaamua, mkataba uwe wa maandishi. Tangazo lisiguse upande wa nyuma, taa, madirisha, mlango wala jina la shule, na bodi ibaki na haki ya kuliondoa. Picha za wanafunzi zisitumike bila idhini ya wazazi wao. Fedha ziingie akaunti ya shule, si mfukoni mwa mtu, na kiasi kisomwe kwenye mkutano wa wazazi. Ulizeni pia nani atagharimia kupaka rangi mkataba ukiisha. Stika kubwa ikibanduliwa huweza kutoka na rangi, na pesa za muhula mzima zikaishia kwa fundi.